Kengele ya Mbwa Asiyebweka

Niliolewa mwaka wa pili wa uhuru, nikaingia katika nyumba ya Waislamu wa Kisangani nikiwa na sanduku moja, sufuria mbili za mama yangu, mkungu wa ndizi na mbwa. Sanduku walilipokea. Ndizi walizipokea kwa mikono miwili. Mbwa hakuna aliyejua pa kumweka.

Sisi ni watu wa mto, Wakristo wa upande wa Yanonge. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mjukuu wa watu waliofika mjini zamani na biashara ya misafara, wakabaki, wakajenga msikiti na kuzaa. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa mama yake, mwanamke mrefu, msafi kupita kiasi, anayetembea kama aliyebeba mtungi kichwani hata akiwa hana kitu. Nilimwogopa tangu alipotazama miguu yangu kabla ya uso.

Mbwa wangu alikuwa mdogo, mwekundu, mwenye soksi nyeupe na mkia uliojikunja kama kata ya kubebea mzigo. Baba yangu alipewa na mwindaji mmoja wa Opala aliyekula kwetu masika yote. Mbwa wa aina ile hawabweki. Wanaguna, wanalia kwa namna yao kama mtu anayeimba vibaya, lakini kubweka hapana. Ndiyo maana wawindaji huwavalisha kengele ya mti shingoni, ili wakiingia porini mtu ajue walipo. Na kuna adabu yake: ukiwa huwindi, kengele unaiziba kwa majani. Kwetu, mtu anayeacha kengele ya mbwa wake ilie ovyo kijijini ni sawa na mtu anayeingia nyumba ya wenzake akipiga kelele. Mama yangu alinirudia jambo hilo mara tatu siku ya kuondoka. Usituaibishe kwa wakwe, alisema.

Basi nilipokaribia mlango wa wakwe nilichuma majani ya mgomba, nikaishindilia kengele ile mpaka haikutoa hata tik. Nilijiona bibi harusi mwenye adabu kuliko wote.

Alasiri ile mama mkwe alitawadha kwenye mtungi uani. Aliosha mikono, uso, miguu, akavaa viatu vyake vya mti na kuanza kwenda kwenye mkeka wa sala, visigino vyake viking'aa kwa maji. Mbwa wangu alimfuata kimya kimya, akanyoosha shingo, akalamba kisigino cha kulia kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Ukelele wa mama mkwe ulisikika mpaka kwa majirani.

"Nani ananilamba?"

"Ni imbwa, mama," nikasema.

"Mbona sikumusikia?"

"Nilimuzibia kengele, mama. Ni heshima."

"Heshima gani ile, ya kukuja kama mwizi?"

Sikujua, na hakuna aliyekuwa ameniambia, kwamba mate ya mbwa kwao ni najisi, na kwamba palipolambwa huoshwa mara saba, mara moja kati yake kwa udongo safi. Nilijifunza siku hiyo hiyo, nikiwa nimejibanza jikoni, nikihesabu mimiminiko ya maji. Alitawadha upya. Wakati wa sala ulikuwa unakaribia kwisha, na yeye hakuwahi kuchelewa sala tangu alipoolewa, kama alivyokumbusha baadaye kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza.

Kabla ya chakula alituita. Alikuwepo mume wangu, na alikuwepo tonton, ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe, mtu wa mzaha aliyekwenda Ubundu kwa treni kila mwezi kuchukua samaki wakavu.

"Bon," mama mkwe akasema. "Mutoto wa watu ametoka mbali, siwezi kumufukuza na kitu yake. Lakini siku hii imbwa itanigusa tena, mara moja tu, itapanda treni na tonton. Itaenda kukaa Ubundu."

"Nitamutafutia kiti karibu na samaki," tonton akasema.

Walicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, na nilikuwa na hasira kuliko huzuni. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa chao: lugha ya sala, sahani, hata namna ya kukaa. Mbwa peke yake ndiye aliyekuwa wangu. Na nilikuwa na hakika kabisa, kwa akili zangu za miaka kumi na tisa, kwamba akipandishwa treni yeye, mimi ndiye nitakayefuata. Nikaapa kwamba hatamgusa tena yule mwanamke hata kwa unywele wa mkia.

Kazi ikaanza. Majani niliyatoa kwenye kengele, na tangu siku hiyo ikawa inalia tok-tok, tok-tok kutoka asubuhi. Mume wangu alimshonea ukanda kwa kitambaa cha khaki kilichobaki kwenye suruali za watu, akamfungia kamba fupi. Fupi, narudia. Mtu anayempeleka mbwa mjini kwa kamba ndefu anampeleka mbwa wa watu wote.

Mama mkwe alikuwa akinifundisha adabu za barabarani akiwa mlangoni, bila kutusogelea. Mbwa atembee upande wa mtaro, mimi upande wa watu. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, tusipite pale kabisa. Tuzunguke njia ya mtoni, hata kama jua linachoma. Bombani asinywe mbele ya ndoo za watu, awe na kopo lake. Mengine nilijifunza mwenyewe kwa aibu. Kwa mfano, mtu aliyebeba kichwani haoni miguu yake. Ukimwona anakuja na beseni, wewe simama, keti juu ya mbwa ikibidi, mpaka apite. Hili nililijua baada ya mama mmoja muuza mawese kuyumba mbele yangu, na mimi kudaka ukingo wa beseni lake kwa mkono mmoja huku mafuta yakinitiririkia hadi kwapani. Alinitukana kwa Lingala, kisha kwa Kiswahili, kisha akaniambia asante.

Na mtumbwi! Tulikuwa tukivuka mara kwa mara kwenda ng'ambo ya kushoto, kwenye stesheni, kumsindikiza tonton. Mbwa huingia mtumbwini mwisho na hukaa katikati ya magoti yako juu ya gunia, nawe unamshika mpaka akauke. Mara ya kwanza sikumshika. Alikuwa amekanyaga maji ya ukingoni, na tulipofika katikati ya mto akajikung'uta, maji yote yakamwendea mwalimu mmoja aliyevaa suti nyeupe.

"Pardon, papa," nikasema.

"Pardon yako iko kavu," akanijibu, "suruali yangu ndiyo iko na maji."

Hatari yenyewe ilikuwa kwenye barabara pana za wazungu. Wengi wao walikuwa wamekimbia wakati wa uhuru na kuacha nyumba, maua na mbwa. Mbwa wakubwa, wenye vifua kama madebe, waliofundishwa maisha yao yote kutubwekea sisi tukipita. Uhuru ulipokuja hakuna aliyewaambia. Walizurura kwa makundi, mbavu nje, na bado walibagua. Nilijifunza kutokimbia. Unasimama, unamweka wako nyuma ya mguu, hutazami macho yao, unaongea kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka, na unarudi kinyumenyume mpaka kwenye lango la mtu. Mara moja dume moja jeusi lilitufuata hivyo nyumba tatu. Wangu hakutoa sauti, alitetemeka tu, na kengele ikatetemeka naye. Nilipofika nyumbani nilikaa chini kizingitini.

Mama mkwe alitoka, akatutazama wote wawili.

"Kesho munaenda soko saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili, mama."

"Alors, nitaenda na ninyi. Wale majibwa wananijua."

Hawakumjua hata kidogo. Lakini kuanzia siku ile alitembea nasi, hatua kumi mbele, fimbo ya mwavuli mkononi, bila kugeuka nyuma. Watu walimpisha, na sisi tukapita katika nafasi aliyoiacha. Alijua tupo kwa kusikia kengele. Siku moja nyasi zilinasa ndani ya kengele ikanyamaza, naye akasimama pale pale katikati ya njia, mgongo bado umetuelekea.

"Iko wapi?"

"Iko hapa, mama. Ni majani tu."

"Yatoe."

Nikayatoa, kengele ikalia, akaendelea na safari. Nilitamani kucheka. Sikuthubutu.

Tuliishi hivyo karibu miaka miwili, na nasema kweli, tuliishi vizuri. Nilijifunza kupika pilau, yeye akajifunza kula liboke yangu, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, na kuomba tena bila kuomba, kwa kuisogeza sahani tu. Mbwa aliujua mkeka wake. Aliupima mpaka wake kwa pua, akalala urefu wa mkono mmoja kutoka ukingoni, wala hakuuvuka. Tonton kila akirudi aliuliza, "Mama, imbwa imekugusa?" na kila mara akajibiwa, "Bado." Neno lile "bado" lilinikera, kwa sababu halikuwa "hapana".

Kisha uasi ukafika mjini. Wenye kujua siasa wameyasema ya kwao, mimi nasema ya barabarani. Walikuja vijana waliovaa majani na vipande vya ngozi kichwani, waliochanjwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Dawa ile ilikuwa na miiko mingi, na mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: asiguswe na mtu asiyechanjwa, hasa mwanamke. Akiguswa tu, dawa imekufa, na yeye kesho risasi itampata. Kwa hiyo walikuwa wakali kwa hofu. Sokoni watu walipita upandeupande, mikono imebanwa kifuani, wanawake wakijikusanya vikwembe vyao wasimpanguse kijana wa watu. Mji mzima ukaanza kutembea kama mama mkwe wangu.

"Sasa munajua," alisema, kana kwamba alikuwa amelisubiri jambo hilo.

Siku uasi ulipoingia mume wangu alikuwa amemsindikiza tonton Ubundu, na treni ilisimama. Hatukujua kama wako hai. Nikiwa na hofu ile yote, nakiri, wazo moja dogo la kijinga lilinipitia: angalau sasa hakuna treni ya kumpeleka mbwa.

Tulikuwa watatu tu nyumbani, mimi, yeye na mbwa, siku tuliposikia kwamba dada yake mkubwa, anayekaa ng'ambo ya daraja la Tshopo, ana homa kali. Nilipika uji, nikaufunga. Mama mkwe alitawadha mapema ili sala ya adhuhuri imkute tayari huko, akavaa nguo zake nyeupe. Nilimfunga mbwa kwenye nguzo. Majirani walikuwa wamehama, na chakula kilikuwa kimepungua mjini. Mbwa mnono aliyefungwa kwenye nyumba tupu, sote tulijua huenda akaonekana tena kwenye sufuria ya mtu.

Mama mkwe alifika langoni, akasimama.

"Na yeye?" akauliza.

"Nimemufunga, mama."

"Mufungue. Asibaki."

Tukaenda, yeye hatua kumi mbele, sisi na tok-tok yetu nyuma. Karibu na daraja walikuwa wameweka kizuizi: mapipa mawili na gogo, na katikati nafasi isiyozidi nusu ya mlango. Kila upande wa nafasi ile alisimama kijana mwenye mkuki, na mkubwa wao alikaa kwenye kiti cha ofisi, bunduki mapajani.

Yule wa kushoto alimtazama mbwa.

"Hii imbwa mbona haibweki?"

"Haijui," nikasema.

"Imbwa bila sauti ni ya mulozi, ya muchawi."

"Sauti yake iko shingoni," mama mkwe akamjibu. "Hausikii?"

Kijana hakupenda. Alikuwa na kisigino kilichopakwa mafuta, kinang'aa, hatua mbili kutoka puani mwa mbwa wangu, na mimi niliijua pua ile. Shingo ikaanza kunyooka. Nilivuta kamba, lakini hata nikivuta, njia ilikuwa nyembamba mno. Hakuna mbwa angepita pale bila kumpangusa mmoja wao mguu.

"Itanigusa!" kijana akapiga kelele, akaruka nyuma. "Itaua dawa yangu! Muiue kwanza!"

Akainua mkuki. Najua nilipaswa kumkinga, na sikuweza hata kuinama. Nililia tu, "Mama!" na sijui nilimwita mama yupi.

Mama mkwe aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akigeuka barabarani. Alirudi zile hatua kumi, akainama na nguo zake nyeupe na udhu wake, akaweka mkono mmoja chini ya kifua cha mbwa na mwingine chini ya miguu ya nyuma, akamnyanyua, akamkumbatia kama mtoto mchanga.

"Simama vizuri, mwana," alimwambia yule mwenye mkuki, bila ukali. "Miye napita katikati ya watu bila kugusa mutu, toka wewe haujazaliwa."

Akaingia kwenye nafasi ile upandeupande. Alivuta pumzi ndani, akabana viwiko, akapandisha bega moja, akapita. Hata pindo la nguo yake halikumgusa yeyote. Kengele ililia mara moja tu. Nami nikapita vile vile, kama nilivyomwona akipita miaka miwili, uji kifuani, machozi mpaka shingoni. Yule mkubwa wa kwenye kiti alicheka.

"Mupite, mama, mupite," akasema.

Tulivuka daraja. Hakumweka chini. Tukapita nyumba za kwanza, tukapita kona, mkuki haukuonekana tena.

"Mama, muweke chini, tumeshavuka."

"Ngoja. Kuko matope."

Ilikuwa kiangazi. Vumbi lilifika kwenye vifundo vya miguu yetu. Mbwa akanyoosha shingo, akamlamba kidevu, pole pole, upande mmoja kisha wa pili.

"Mama, amekulamba."

"Ile ni jasho," akasema, akaendelea kutembea.

Kwa dada yake aliomba maji na udongo safi kabla hata ya kumjulia hali mgonjwa. Nikammiminia. Safari hii sikujificha. Nilihesabu kwa sauti, moja hadi saba, mikono, kidevu, na udongo. Alibadili nguo, akatawadha, akasali kwa wakati. Mgonjwa alikunywa uji. Kuhusu mbwa hakusema neno, si siku ile wala wiki zilizofuata, na mimi niliteseka. Ulimi wangu hauna mfupa, lakini hapo niliuuma. Kwa maana neno lake lilikuwa neno. Angeweza kumwokoa kiumbe asiuawe na bado akampandisha treni, hasa sasa ambapo mimi na yeye tulijua ameguswa.

Treni ilirudi baada ya miezi. Mume wangu aliingia uani amekonda mashavu, nyuma yake tonton na gunia la samaki, na tulilia na kucheka mpaka majirani waliorudi wakaja kuona. Tulikula. Nilianza kusahau. Ndipo tonton akajifuta mkono, akamtazama mbwa aliyelala urefu wa mkono mmoja kutoka kwenye mkeka.

"Alors, mama. Kesho kutwa narudi Ubundu. Imbwa imekugusa?"

Niliacha kutafuna. Niliona mume wangu ananitazama, na sikuweza kumrudishia macho.

"Hapana," mama mkwe akasema.

Mzee huyu wa sala tano, ambaye sikuwahi kusikia akidanganya hata kuhusu chumvi! Nadhani nilifungua kinywa, kwa sababu alinigeukia mimi, si tonton.

"Miye nilimugusa yeye," akasema. "Ile sikukataza."

Tonton alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya jiko, mahali pale pale pa siku ya kwanza, nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Asubuhi nilimkuta anatawadha. Bila kuinua kichwa aliniambia nilete bakuli la udongo safi, kutoka mtoni, usio na majani, niliweke kando ya mtungi.

"Ya nini, mama?"

"Ya mimea."

Pale mtungini hapakuwa na mmea hata mmoja. Ijumaa nilikuta bakuli limefika nusu, nikalijaza. Ijumaa iliyofuata nikalijaza tena.